Wema Unaorudi

Wahenga walituachia msemo usemao, "Tenda wema wende zako." Ni msemo wenye hekima, nao ulikusudiwa kumkanya mtu asije akasimama mlangoni pa yule aliyemsaidia akingojea shukrani na sifa. Lakini msemo ni kama panga: hufyeka pori, na ukishikwa vibaya hujeruhi mkono. Wapo wausikiao kana kwamba unawaruhusu kuondoka. Kwamba mtu akishatoa amekwisha maliza, na yatakayompata aliyepewa si juu yake tena. Basi yafaa tujiulize: je, wema hukamilika pale unapotendwa, au hukamilika pale mtendaji wake anaporudi?

Swali hili laweza kuchunguzwa kwa njia nyingi. Katika makala haya nimechagua kulitazama kwa kupitia jambo ambalo wengi wetu huliona kwa mbali tu, nalo ni klabu za huduma, kama vile Rotary na Lions, ambazo zina matawi katika miji yetu kadhaa, Dar es Salaam, Arusha na Mwanza ikiwa miongoni mwayo. Mwananchi apitaye nje ya hoteli wanamokutana huona magari yamepangwa, husikia kengele ikigongwa na vijiko vikilia juu ya sahani, naye hujiendea zake akisema moyoni kwamba hao ni wakubwa wanakula. Pengine ana haki ya kusema hivyo, na jambo hilo nitalirudia. Lakini kwanza tutazame kinachofanyika mle ndani.

Mambo hufuata utaratibu usiobadilika sana. Mwenyekiti hufungua mkutano kwa saa iliyowekwa. Mahudhurio huandikwa. Aliyechelewa hutozwa faini ndogo, watu wakacheka, na fedha ile ikaingia katika mfuko wa huduma. Taarifa hutolewa juu ya kazi zilizo mikononi: madawati ya shule fulani, damu ya kuchangia hospitali, miche ya kupandwa. Kisha husimama mgeni wa siku, ambaye huenda akawa daktari, mwalimu, bwana shamba au hakimu, akazungumza kwa muda mfupi juu ya kazi yake na kuulizwa maswali. Juma lifuatalo hukutana tena, na juma la baada ya hilo tena. Kwa muda mrefu desturi ya Rotary ilimtaka mwanachama aliyekosa mkutano wa kwao akahudhurie klabu nyingine, hata ikiwa ya mji wa mbali, ili pengo lile lizibwe.

Chanzo cha desturi hii kilikuwa cha kawaida kabisa. Tarehe 23 Februari, 1905, watu wanne walikutana katika ofisi moja mjini Chicago, Marekani. Paul Harris alikuwa mwanasheria. Wenzake walikuwa mhandisi wa migodi, mwuza makaa ya mawe, na mshonaji. Walikuwa watu wa mji mkubwa uliojaa wageni, na walichokitafuta kwanza kilikuwa urafiki. Walikutana kwa zamu katika mahali pa kazi pa kila mmoja wao, na kutokana na kuzunguka huko ndipo lilipotoka jina la Rotary. Huduma ilikuja baadaye. Mojawapo ya kazi zao za mwanzo, mwaka 1907, ilikuwa kuuhimiza mji wao ujenge vyoo vya umma. Miaka kumi baadaye, mwaka 1917, Melvin Jones alianzisha Lions katika mji huo huo.

Sasa hapa ndipo mtu mwenye fikra huweza kuweka pingamizi. Atasema: Wema ni jambo la moyo. Nikimwona mtoto ameanguka mtaroni, simwinui kwa sababu leo ni Alhamisi na daftari la mahudhurio linaningoja. Namwinua kwa sababu moyo wangu umeshtuka. Wema uliopangiwa siku, saa na faini ni kazi ya karani. Isitoshe, wahenga hao hao walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Pingamizi hili lina uzito, wala halifai kupuuzwa. Lakini tulipime kwa mizani ya maisha yetu wenyewe. Jirani anapofiwa, nani asiyejua jinsi mioyo yetu inavyoshtuka? Watu hujaa uani, vyungu huinjikwa, mikeka hutandikwa, na aliye na chochote hutoa. Kisha tanga huondolewa, na kila mtu hushika njia yake. Mjane hubaki na nyumba ambayo juzi haikuwa na pa kukanyaga, na leo hasikii ndani yake ila kikohozi cha mtoto. Hakuna aliyemtendea ubaya. Wote walitenda wema, nao wakaenda zao. Lakini ada ya shule itadaiwa mwezi wa tatu, bati litavuja masika, na wakati huo moyo wa jirani hautakuwa umeshtuka, kwa kuwa moyo hushtushwa na jambo jipya, ilhali taabu ya mjane imekwisha kuwa jambo la zamani.

Hapo ndipo udhaifu wa wema wa moyo peke yake unapodhihirika. Haukosi ukweli, hukosa kumbukumbu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu mara kwa mara, kama vile mjenzi awavyo mjenzi kwa kujenga. Kwa maneno mengine, moyo nao hufunzwa. Siku iliyowekwa haiuui moyo. Huushika mkono na kuurudisha mahali ambapo, ukiachwa peke yake, ungesahau kwenda.

Wala tusidhani kwamba hekima hii ililetwa kwetu na meli. Wapare wana msaragambo: wito ukishatoka, watu hutoka kwenda kuchimba mfereji, kutengeneza njia au kujenga. Wachaga wa Kilimanjaro walichimba mifongo iliyoyateremsha maji kutoka mlimani hadi mashambani, na mifongo hiyo haikudumu kwa sababu babu mmoja alikuwa na moyo mwema siku moja. Ilidumu kwa sababu kila mwaka matope yalizolewa na kingo zikazibwa, na mtu aliyekosa kutokea bila ya udhuru alitozwa. Wazee wetu walijua kuwa maji hayangoji huruma ya mtu. Kwa hiyo walipoiweka kazi ya wote chini ya siku na sheria, hawakuupunguza utu wake. Waliukinga na usahaulifu wa binadamu.

Mfano mkubwa zaidi wa wema unaorudi umo katika vita dhidi ya polio, ugonjwa uliowapoozesha watoto wengi duniani. Mwaka 1979 wanachama wa Rotary walianza kusaidia chanjo ya watoto nchini Ufilipino, na mwaka 1985 wakalifanya jambo hilo kuwa kazi ya klabu zao zote. Mwaka 1988, wakati mataifa yalipoazimia pamoja kuutokomeza ugonjwa huo, ulikuwa ukipoozesha watoto wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi zaidi ya 125. Chanjo yenyewe ni tone tu mdomoni. Lakini tone moja halitoshi. Mtoto lazima apewe tena, na tena, na mdogo wake atakayezaliwa mwakani naye apewe. Serikali, mashirika ya afya na watu wa kujitolea wakarudi mlango kwa mlango kwa zaidi ya miaka thelathini, hata mwezi Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikathibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Na hata hapo kazi haikwisha. Mwaka 2022 virusi hivyo vilipotangazwa kuonekana kwa jirani zetu wa Malawi, vikiwa vimetoka nje ya Afrika, wachanjaji wa Tanzania walirudi tena majumbani. Kama wangelikuwa wametenda wema wakaenda zao, watoto ndio wangelilipa.

Basi kurudi ni sharti la kwanza. Lakini kurudi peke yake hakutoshi, maana hata mnyapara hurudi kila siku. Sharti la pili ni kusikiliza, na hapa ndipo yule mgeni wa siku anapopata maana yake. Twasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji hupona nini? Hupona upofu wa kujiona anajua. Mnamo mwaka 1925 Lions walimwalika katika mkutano wao mkuu, huko Cedar Point, Ohio, mwanamke aitwaye Helen Keller, ambaye alikuwa kipofu na kiziwi tangu utotoni. Hakuja kupokea sadaka. Alisimama mbele yao akawataka wajitwike kazi ya kupigana na upofu, nao wakaitika. Na hadi leo, popote duniani, jina la Lions hutajwa pamoja na matibabu ya macho. Tazama kilichotokea: aliyekuwa na shida ndiye aliyekuwa mnenaji, na waliokuwa na uwezo ndio waliokuwa wasikilizaji. Kazi ya miaka mia ikazaliwa katika mkutano ule.

Hapa sasa tumrudie yule mwananchi apitaye nje ya hoteli. Shutuma yake ni ya haki kwa kiasi gani? Ni lazima tukiri kwamba meza za klabu hizi kwa miaka mingi zilikuwa na viti vichache. Klabu ya kwanza ya Rotary katika Afrika ya Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1930, katika mji ambao wakati huo ulitenga makazi ya watu kwa rangi zao. Wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wa Rotary hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilipotoa hukumu juu ya klabu za nchi hiyo mwaka 1987, na mlango ukafunguliwa duniani kote mwaka 1989. Na leo, ingawa rangi na jinsia si kizuizi tena, gharama ya chakula na ada bado huchuja watu. Mchukuzi wa Kariakoo hakatazwi kuingia. Ila mfuko wake ndio unaomkataza.

Hapo pana tofauti kubwa na msaragambo. Katika msaragambo anayechimba mfereji ndiye atakayekunywa maji yake. Hakuna mtoaji wala mpokeaji. Kuna majembe na kiu ya wote. Katika klabu, anayetoa hukaa huku, na anayepokea hukaa kule, na baina yao mara nyingi husimama mpiga picha. Hatari ya kimaadili imo katika umbali huo. Mtu apewaye kisima bila ya kuulizwa kilipofaa kuchimbwa, na bila ya yeyote kurudi kutazama kama pampu ingali inapiga maji, amepewa kitu na kunyimwa heshima. Pampu ikiharibika, husimama pale kijijini ikiota kutu, na bango lenye majina ya wafadhili likisomeka vizuri kuliko yote. Hiyo ndiyo maana mbaya ya kutenda wema na kwenda zako.

Je, tuseme basi kwamba klabu hizi hazina mahali katika utamaduni wetu? Sioni hivyo. Taifa lililolelewa katika fikra za kujitegemea halina budi kuuliza kila msaada unakotoka na unakomwacha mtu. Lakini kuuliza si kukataa. Klabu ina jambo la kujifunza kwa msaragambo, nalo ni kwamba mwenye kusaidiwa apewe jembe na kiti, si sahani tu. Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwanakijiji aalikwe awe mgeni wa siku, aseme yeye mwenyewe taabu ya kijiji chake, na siku ya kazi wanachama washike majembe kando yake. Nasi, kwa upande wetu, tuna jambo la kujifunza kwa klabu, hasa mijini ambako wito wa kijiji haufiki: kwamba majirani wasio wa ukoo mmoja, wala kabila moja, wala dini moja, waweza kujiwekea siku, na kuitunza siku hiyo kama ahadi.

Mwaka 2016 Rotary wenyewe walilegeza kanuni ya kukutana kila juma, wakaziruhusu klabu zao kukutana mara mbili kwa mwezi. Hapana ubaya, maisha yamebadilika. Idadi ya mikutano si shina la jambo. Shina ni kwamba iwepo siku ambayo mtu, apende asipende, atakaa mbele ya wenzake na kuulizwa: Lile tulilolianza limefikia wapi? Yule tuliyemsaidia yu hali gani? Nani amekwenda kumtazama?

Maswali hayo matatu hayahitaji hoteli wala kengele. Yaweza kuulizwa barazani, msikitini, kanisani, katika chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, au na majirani watatu chini ya mwembe. Tuendelee basi kuufuata msemo wa wahenga, tukitenda wema bila ya kungojea shukrani. Lakini tukienda zetu, twende kama mkulima anavyoondoka shambani jioni, akijua kuwa kesho atarudi kupalilia.