Anayekwenda Kudai kwa Jina Lako

Wanangu mliofungua maduka miaka hii ya karibuni, wengi wenu mnanijia na swali moja. Mteja amechukua mali, ameahidi mpaka ahadi zimekwisha, sasa hata simu hapokei. Je, deni hili tumkabidhi wakala wa kukusanya madeni? Mimi ni muuzaji wa vifaa vya ujenzi hapa Mombasa tangu ujana wangu. Katika biashara ya saruji na nondo hakuna anayeepuka kukopesha, kwa sababu fundi humngojea mwenye nyumba, nasi tunamngojea fundi. Basi siwaambii msikopeshe. Nataka mjue mnalolifanya mnapomtuma mtu baki akawadaie.

Kwanza, wakala hana nguvu ya kisheria ambayo wewe mwenyewe huna. Anaweza kupiga simu, kuandika barua, kubisha hodi na kupatana na mdaiwa namna ya kulipa. Hawezi kubeba friji ya mtu wala pikipiki yake. Kukamata mali ni kazi ya dalali mwenye leseni, chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, na kwa deni kama letu la dukani dalali huyo huja baada ya mahakama kuamua na kutoa hati. Akishafika, humpa mwenye mali notisi ya siku 7 ya kuikomboa kabla haijauzwa, na matandiko, vyombo vya kupikia na zana za fundi sheria imevikinga. Polisi nao si wakusanya madeni. Mtu kushindwa kulipa ni shauri la madai, si jinai. Kwa hiyo ukimsikia wakala anajisifu kwamba vijana wake watambana mdaiwa mpaka atoe, inuka uondoke. Anakuuzia vitisho, na vitisho hivyo vitatolewa kwa jina lako.

Mama mmoja jirani yangu, mshonaji wa sare za shule, alikuwa akiidai shule moja ya binafsi malipo ya muhula mzima. Akamtuma wakala. Wakala yule hakwenda ofisini kwa mwalimu mkuu; alingoja siku ya mkutano wa wazazi, akasimama getini na ankara mkononi, kila mzazi anayeingia anamwonyesha. Pesa zilipatikana, tena wiki ileile. Lakini shule ile haikumpa kazi tena, na wakuu wa shule nyingine mbili waliosikia habari ile wakatafuta mshonaji mwingine bila kumwambia neno. Wakala hakutajwa na mtu yeyote. Walichosema ni kwamba yule mama wa sare aliwaaibisha mbele ya wazazi. Mji wetu ndio huu: mtu unayemdai leo utakutana naye kesho kwenye harusi, keshokutwa mazikoni.

Na si heshima tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamgusa hata mwenye duka dogo. Unapompa wakala jina la mteja, nambari yake ya simu na mahali anapokaa, umemkabidhi taarifa za mtu, na sheria inataka kazi hiyo ifanywe chini ya mkataba wa maandishi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu na kuwatumia jumbe za vitisho. Faini ya namna hiyo, nani kati yetu ataibeba?

Mkataba huo wa wakala ukiletwa, usitie sahihi ukiwa umesimama kaunta huku wateja wanakungoja. Nenda nao nyumbani. Nimeona mikataba yenye kifungu kwamba kamisheni italipwa hata mdaiwa akikuletea pesa mwenyewe, bila wakala kufanya lolote. Nimeona mingine inayomruhusu wakala kumsamehe mdaiwa sehemu ya deni bila kukuuliza. Vifutwe vyote viwili, na akikataa kuvifuta umeshamjua. Pesa ziingie katika akaunti yako au Till yako, kisha wewe ndiye umlipe yeye. Zikipitia mkononi mwake kwanza utakuwa na wadaiwa wawili. Ada ya kufungua faili kabla ya kazi ikatae. Na iandikwe wazi atazungumza na nani: na mdaiwa peke yake, si mkewe, si mwajiri wake, si imamu wake.

Halafu piga hesabu. Tuseme deni ni Sh 400,000, na faida yako katika mzigo ule ilikuwa 15 kwa mia, yaani Sh 60,000. Wakala akichukua 20 kwa mia, hizo ni Sh 80,000. Faida yote imekwenda na umemega mtaji Sh 20,000 juu yake. Huenda ikafaa hata hivyo, maana mtaji ulio mkononi ni bora kuliko deni lililo daftarini, lakini ujue kwamba unaokoa mtaji, si kwamba unapata.

Kabla ya kufika huko kuna mlango ambao sisi wazee hatukuwa nao, na inaniuma kuwaona vijana wanaupita. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na sasa imefika miji mingi pamoja na Mombasa. Inasikiliza madai ya hadi Sh 1,000,000, yakiwemo ya bidhaa zilizouzwa na huduma zilizotolewa. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria imeweka siku 60 tangu kufungua shauri hadi hukumu. Mara nyingi barua ya madai inayotaja mahakama hiyo kwa adabu, ikampa mdaiwa siku 14, hufanya kazi ambayo ungemlipa wakala aifanye.

Lakini mahakama na wakala wote wawili wataomba kitu kilekile: karatasi. Hapa ndipo wengi wenu mnaponitia huzuni. Fundi anachukua mifuko 40 ya saruji, kijana wa duka anaandika "Juma wa Kisauni" kwenye jalada la daftari, basi. Juma yupi? Wekeni jina kamili, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kulipa, na sahihi ya aliyepokea mzigo pale ulipoteremshwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Na kila akilipa kidogo, andikeni na mumpe risiti. Deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa mahakamani, lakini malipo hayo kidogo, au barua aliyoitia sahihi ya kulikiri deni, huanzisha hesabu ya miaka upya.

Anayeidai serikali ya kaunti, huyo wakala hamfai kitu. Mali ya serikali haikamatwi kwa sababu ya deni, na wazabuni wamengoja miaka. Msiweke mtaji wenu wote huko.

Kabla ya kumtuma mtu, nenda mwenyewe ukamwone mdaiwa alipo. Utamkuta mwenye nacho anayekuzungusha, au utamkuta fundi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa, mguu umefungwa plasta, watoto wanakutazama. Huyu wa pili usimpelekee wakala. Andikianeni kiwango kidogo anachokiweza kila mwezi, na umngoje.

Deni likiisha, mwandikie mlipaji barua kwamba humdai kitu, na nakala mpe wakala siku hiyohiyo. Namjua mtu aliyemaliza deni lake lote, na kwa miezi mingi karani wa wakala akaendelea kumpigia simu alfajiri, kwa kuwa mwenye duka hakumwarifu. Barua hiyo ipeleke mwenyewe kazini kwake, umpe mkono, na kama bado anahitaji saruji, muuzie kwa pesa taslimu.