Ndivyo Alivyoumbwa?



Vijana wenzangu, kuna neno tunalitumia kirahisi sana: hulka. Tabia ya mtu tunaiona. Fulani anachelewa, fulani muongo, fulani ana mkono mwepesi. Hulka hatuioni, ni kile tunachodhani kiko chini ya tabia, kinachoisukuma. Mtu akikosea mara moja tunamsema, akirudia tunahitimisha: "Aah, huyo ndiyo hulka yake." Mjadala umefungwa.

Lugha nayo inatuchochea. Hulka, neno lenye asili ya Kiarabu, lina mzizi mmoja na huluku, yaani kuumba. Kwa hiyo kusema mtu ana hulka ya ukatili ni karibu na kusema Mungu alimfinyanga hivyo. Na hapo mimi nagoma, maana Mwanzo 1:31 inasema Mungu aliona kila alichokifanya ni chema sana.

Siyo ubishi wa darasani huu. Kwenye semina moja ya vijana, binti aliandika swali kwenye karatasi, bila jina. Mchumba wake ameshampiga mara mbili. Shangazi anamwambia avumilie, kwani wanaume wa ukoo ule ndiyo hulka yao.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana neno la Kilatini, habitus: sifa iliyokaa ndani ya mtu, inayomfanya atende jambo kwa wepesi, na isiyong'oka kirahisi. Anakubali kwamba watu huzaliwa na mielekeo tofauti. Mmoja damu inachemka haraka, mwingine mpole. Lakini mwelekeo bado siyo kilema cha roho. Kilema hujengwa kwa matendo tunayoyaridhia na kuyarudia, na hudhoofishwa kwa matendo ya kinyume. Basi kijana yule huenda alizaliwa na hasira za haraka. Ngumi hakuzaliwa nayo. Aliichagua, na ya pili ilikuja kwa urahisi kuliko ya kwanza.

Ukimsikiliza shangazi vizuri (na najua anampenda binti yake), amewakosea wote wawili. Binti anaambiwa alipe kwa mwili wake deni lisilo lake. Kijana anaambiwa yeye ni kama mnyama wa silika tu, neema haimfikii.

Sasa kuna wale wa upande wa pili: "Yesu anabadilisha watu, funga naye ndoa, atabadilika ndani." Hapana jamani! Kusema anaweza kubadilika siyo kusema amebadilika. Kisichong'oka kirahisi haking'olewi na pete. Kusamehe ni amri ya Bwana. Kwenda altareni na mtu siyo deni la msamaha. Binti, sitisha mipango ya harusi, usikae naye peke yenu, na umwambie paroko au mtu mzima unayemwamini, leo.

Na wewe kaka mwenye ngumi, Katekisimu namba 1272 inafundisha kwamba Ubatizo umekutia alama ya kiroho isiyofutika, na hakuna dhambi inayoweza kuifuta. Kwa Kilatini alama hiyo huitwa character, kutoka neno la Kigiriki la chapa, kama ile iliyogongwa kwenye sarafu. Hiyo iko chini kabisa, chini hata ya hasira zako. Nenda kaungame, halafu umwombe mtu wa kukuuliza kila wiki, bila aibu, mikono yako imefanya nini.