Pa Kulaza Randa

Kazi ya randa hupimwa kwa wembamba wa maranda yatokayo kinywani mwake, na mteja aliyekwisha pokea mlango laini hana haja ya kuuliza zaidi. Lakini mimi, niingiapo karakana yoyote, hupenda kwanza kutazama mahali randa zinapolazwa, maana huko hakuna mteja afikaye, na alitendalo fundi hapo hulitenda kwa hiari ya nafsi yake.

Ikhtilafu haikosekani. Wako mafundi washikao kwa yakini kwamba randa hulazwa ubavu, asilani isikae juu ya uso wake wa chini, kwa kuwa makali yakigusa mchanga au kichwa cha msumari huharibika papo hapo. Na wako wasemao kuwa kuilaza ubavu ni kuyaacha makali hayo wazi, yakabiliane na patasi na nyundo za jirani. Nami naona pande zote mbili zingeridhika na ufito mwembamba uliopigiliwa juu ya rafu, randa ikaegemeza pua yake hapo, na kisu kikaning'inia bila kugusa kitu.

Adui mkubwa zaidi, hasa kwetu mwambao, ni kutu. Randa za mti walizotumia wazee zilikuwa na kisu tu cha kuhofiwa, na kabari yao ililegezwa jioni ili mti usikazwe usiku kucha. Ama hizi za chuma, za muundo wa Leonard Bailey, Mmarekani ambaye kampuni ya Stanley ilinunua biashara yake mwaka 1869, mwili mzima ni windo la hewa ya chumvi. Fauka ya hayo, vumbi la mbao hunyonya unyevu na kuugandamiza juu ya chuma, kwa hiyo kinywa kisichopigwa brashi hakiokolewi na mafuta, hata yakipakwa kwa ukarimu.

Kwa sababu hiyohiyo simwonei wivu yule azifungiaye randa zake sandukuni, zimeviringishwa vitambaa kama vito vya bibi harusi, asizitazame mpaka masika yapite. Rafu na iwe karibu na meza, randa ndefu na nzito chini, fupi usawa wa mkono. Na ikiwa nafasi yatosha tatu tu, aziweke zile tatu azitumiazo, zilizosalia awape vijana wanaojifunza kazi.