Mwalimu wa Kujitolea Ugenini: Nani Hutoa, Nani Hupokea?



Huenda wewe ni kijana uliyemaliza masomo, unajua Kiingereza cha kutosha, na moyo wako umeanza kukuambia uende nchi ya mbali ukakifundishe bila mshahara, kwa posho ya chakula tu. Au huenda shuleni kwenu alipata kuja mwalimu wa namna hiyo, nawe ukajiuliza: mtu huyu ameacha kwao kwa nini, na anataka nini kwetu? Maswali haya mawili kwa hakika ni swali moja. Mtu atoapo elimu yake bure, je, yeye peke yake ndiye mtoaji, na wale anaowafundisha ni wapokeaji tu?

Wengi watajibu upesi kwamba ndivyo. Hata Mwislamu aweza kuleta hoja ya Hadithi mashuhuri, ambamo Mtume Mtukufu s.a.w. aliufadhilisha mkono wa juu, yaani wenye kutoa, kuliko mkono wa chini. Lakini Hadithi hiyo yatufundisha tusipende kuomba. Haikumpa mtoaji ruhusa ya kumtazama mwenziwe kutoka juu. Qur'an Tukufu katika 2:265 yakataza waziwazi kuiharibu sadaka kwa masimango na maudhi. Na masimango si lazima yasemwe kwa kinywa. Yako masimango ya macho, na yako masimango ya sauti ya mwalimu anaporudisha daftari lililojaa makosa.

Hebu basi tuyatazame maisha yenyewe ya mwalimu huyu, tusibaki katika maneno matupu.

Mwaka 1970 Seyidna Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, Khalifatul Masih wa Tatu r.h., alizuru nchi sita za Afrika Magharibi: Nigeria, Ghana, Ivory Coast, Liberia, Gambia na Sierra Leone. Alipokuwa Gambia, Mwenyezi Mungu alimtia moyoni kwamba zitumike angalau pauni 100,000 kwa kuwahudumia watu wa nchi hizo, na kutokana na hayo ukaanzishwa mpango wa Nusrat Jahan wa kujenga shule na hospitali. Waganga na waalimu, wengi wao kutoka Pakistan, walijitolea kwenda. Ghana haikuwa ngeni kwa kazi hii, maana mjini Kumasi Jamaat ilikuwa na shule ya sekondari tangu mwaka 1950. Katika nchi tano kati ya zile sita, masomo na mitihani ya sekondari ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu aliyekwenda huko, hata kama somo lake lilikuwa hesabu, hakukwepa kuwa mwalimu wa Kiingereza.

Sasa mfikirie mwalimu mmoja wa namna hiyo, ambaye mimi namchora tu kwa ajili ya hoja. Kwa mama yake alisema Kipunjabi, shuleni akasoma Kiurdu, na Kiingereza alikipata baadaye kwa taabu. Kwa babu yake kilikuwa lugha ya mtawala. Mbele yake wameketi vijana wa Kiasante ambao nyumbani husema Kitwi, nao kwa babu zao Kiingereza kilikuwa vivyo hivyo. Darasani humo hakuna hata mmoja mwenye lugha ile.

Anaandika ubaoni “he” na “she”. Wanafunzi wanachanganya, na mama anaitwa “he” mara tatu katika insha moja. Je, ni ujinga? La, hasha! Kitwi hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika neno hilo, kama vile Kiswahili chetu kinavyotosheka na “yeye”. Na Kiurdu cha mwalimu mwenyewe je? Nacho husema “woh” kwa wote wawili. Kosa analolipigia mstari mwekundu ndilo alilopigiwa yeye. Tena, Kiurdu hakitofautishi sauti ya “v” na ya “w”, hata wasemaji wake wengi hutamka “vest” na “west” sawasawa. Basi mwalimu atakapoyasoma maneno hayo mawili kwa sauti, vijana watatazamana na kucheka. Hapo ndipo anapopimwa. Akikasirika, ameonyesha kwamba alikuja ili aheshimiwe. Akicheka pamoja nao na kurudia neno mpaka likae sawa, amewafundisha jambo ambalo halimo katika kitabu cha sarufi.

Na nje ya darasa hali yake ni ya mtoto mdogo. Anaamka alfajiri kwa sala, na katika miezi ya upepo mkavu wa harmattan vumbi limefunika madaftari arobaini aliyoyasahihisha usiku. Hajui bei ya viazi vikuu sokoni. Hajui maji yapi yachemshwe, wala namna ya kulimega fufu kwa vidole na kulimeza bila kulitafuna. Anajaribu kuwaamkia wauzaji kwa Kitwi, nao wanamcheka, kwa sababu katika lugha ile sauti ikipanda au ikishuka maana hugeuka. Mtoto wa jirani ndiye anayemsahihisha, bila posho na bila cheti. Homa ya malaria ikimshika, kuna atakayemletea uji.

Piga hesabu ya siku hiyo moja, ndugu yangu. Amefundisha vipindi vitano. Amefundishwa mara ngapi? Na ni nani aliyeandika majina ya waalimu wake katika ripoti yoyote?

Neno hili si dogo. Mwalimu asiyejiona kuwa mdeni huanza kuamini kwamba lugha anayoileta ni nuru na lugha anayoikuta ni giza. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na fikra, ameeleza jinsi wanafunzi wa Kenya ya ukoloni waliokamatwa wakisema Kikikuyu shuleni walivyopigwa, au kuvishwa shingoni kibao cha kuwatangaza kuwa wapumbavu. Qur'an Tukufu, 30:23, yahesabu tofauti za ndimi zetu miongoni mwa Ishara za Mwenyezi Mungu, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Basi kumwaibisha mtoto kwa ulimi wa mama yake ni kuidharau Ishara ya Mungu. Fundisha Kiingereza, ndiyo, maana kinafungua milango ya kazi na vitabu; lakini usikifundishe kwa kubomoa nyumba aliyozaliwa mtoto.

Kuna swali jingine gumu zaidi, na wewe unayeichunguza dini yetu una haki ya kuliuliza. Je, shule hizi si chambo? Watu wa pwani na bara wanakumbuka jinsi Waislamu wengi wakati wa ukoloni walivyowaficha watoto wao wasiende shule za misheni, wakihofu kwamba mtoto angeingia na jina la Juma na kutoka na jina la Joseph. Kama hofu hiyo ilikuwa ya haki kwao, itakuwa ya haki kwa wengine pia mwalimu akiwa Mwahmadiyya. Sitaki kulikwepa swali hili kwa kuwanyoshea wengine kidole. Marekani ilipoanzisha Peace Corps mwaka 1961, na vijana wake wa kwanza wakafika Accra mwezi wa Agosti mwaka huo huo kuwa waalimu, sheria yake ilitaja makusudi matatu, na moja kati ya hayo ni kuwafanya watu wa nchi nyingine wawaelewe Wamarekani vizuri zaidi. Angalau walisema wazi. Sisi je, tunasema wazi?

Jibu langu laanzia Badr. Baada ya vita hivyo, mwaka wa pili wa Hijra, baadhi ya mateka wa Makka hawakuwa na fedha za kujikomboa, bali walijua kuandika. Mtume s.a.w. alikubali kila mmoja wao afundishe watoto kumi wa Madina kuandika, kisha aende zake huru. Angalia mambo mawili. Kwanza, mwalimu alikuwa mshirikina, na wala hakuulizwa imani yake. Elimu ilipokewa kama elimu. Pili, katika darasa lile mwalimu ndiye aliyekuwa mateka, na mwanafunzi ndiye mwenye nchi. Somo lilikuwa somo kamili, na malipo yakawa malipo kamili. Nasema mwalimu wetu afanye vivyo hivyo: mtoto wa Mkristo apate alama anazostahili, na msaada ule ule wa jioni anaopewa mtoto wa Mwislamu. Akiulizwa juu ya dini yake, aijibu bila kuificha. Asipoulizwa, sarufi iwe sarufi. Anayepunguza somo ili aongeze bai'at amevunja ahadi aliyowapa wazazi.

Nchini kwetu twaujua mfano wa mgeni aliyekubali kwanza kuwa mwanafunzi. Sheikh Mubarak Ahmad aliwasili Afrika Mashariki mwaka 1934 kutoka Bara Hindi, bila Kiswahili. Mwaka 1953 tafsiri ya Qur'an Tukufu kwa Kiswahili, kazi aliyoiongoza yeye, ilitolewa Nairobi. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka kumi na tisa ya kuuliza maneno. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam. Sasa niambie: katika kazi hiyo nani alimpa nani?

Imebaki nia, ambayo hakuna aijuaye ila Mwenyezi Mungu. Sura ya 76 yawasifu wale wanaolisha maskini, yatima na mateka bila kutaka kwao malipo wala shukrani. Anayejitolea atasema kwamba yeye naye hataki malipo. Lakini shukrani je? Mwisho wa muhula, wakati hakuna mzazi aliyekuja kumwaga, ndipo atakapojua kama kweli hakuitaka.

Nawe ukienda, nina ombi moja la nyumbani tu. Jioni moja mama wa mwanafunzi wako atabisha hodi na bakuli lililofunikwa. Utajua kwamba hana kingi, na huruma itakushawishi umwambie, “Asante, nimekwisha kula.” Usiseme hivyo. Mtume s.a.w. alisema angekubali mwaliko hata kama alichoandaliwa ni kwato ya mnyama tu. Mkaribishe, mwondolee mtoto wake daftari kiti apate mahali pa kuketi, kisha nawa mikono ule.