Ufa wa Jiko na Haki ya Mpishi

Wajibu wa kukarabati hujadiliwa kwa kawaida kama wajibu wa mtu kwa mali yake mwenyewe, ilhali vipo vitu ambavyo uchakavu wake humdhuru mtu asiye na sauti ya kuamua vitengenezwe lini. Jiko la kuni ni kimojawapo. Katika majiko ya chuma, ukingo wa mlango hutiwa kamba ya nyuzi zisizoungua ili kuziba mwanya. Kamba hiyo ikilegea, hewa huingia bila kipimo, kuni huteketea upesi, na dohani, yaani bomba la moshi, isipovuta vizuri, moshi hutokea palepale. Katika majiko banifu ya udongo, kama yale ya Bukoba na Muleba mkoani Kagera, kazi hiyo ya kuziba hufanywa na udongo uliokandikwa kuzunguka sufuria, na ufa mwembamba tu hapo hutosha kuwasha macho ya mpishi muda wote ndizi na maharage yanapochemka.

Methali ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta haitoshi hapa, kwa sababu humwonya mwenye ukuta kuhusu hasara yake mwenyewe, ilhali ufa wa jiko huyala kwanza mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni, huku mwenye kauli juu ya ukarabati akiwa sebuleni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Suala hili, kwa hiyo, ni la haki kabla ya kuwa la uangalifu.

Historia ya Buhaya, yaani nchi ya Wahaya huko huko Kagera, huliongezea suala hili uzito. Wayeyushaji chuma wa Kihaya, ambao ufundi wao ulielezwa na Peter Schmidt na Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978, baada ya uchunguzi uliohusisha mabaki ya tanuri za kale za Kemondo, walijua kuitawala hewa: walijenga kwa udongo wa kichuguu, wakapenyeza mirija ya udongo katika tanuri, na mivukuto ikapeleka pumzi ndani. Dai kwamba hewa hiyo ilipashwa moto kwanza ndani ya mirija limepingwa na wataalamu wengine, lakini umahiri wenyewe hauna ubishi. Kazi hiyo ilizungukwa na miiko, ikiwemo ya kujitenga na wanawake, kwa kuwa tanuri ilichukuliwa kuwa tumbo la uzazi. Ikiwa moto wa kuzaa jembe ulistahili uchaji wa namna hiyo, ni vigumu kuona kwa nini moto unaolisha watoto kila siku ustahili uzembe.

Waislamu wanayo kanuni ya kisheria inayokataza kudhuru na kudhuriana, na Wakristo wanafundishwa kuwa uaminifu hupimwa katika madogo; zote mbili zinaingia jikoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, lakini mapafu ya leo hayasubiri mwaka huo. Na kuuziba ufa wa jiko la udongo si kazi ngumu: udongo uliolegea hukwanguliwa mpaka ulio imara, ufa hulowanishwa, kisha hushindiliwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, na kuachwa ukauke taratibu kabla ya kuwasha moto, kwani udongo mbichi ukiungua ghafla hupasuka upya. Kwa gharama ndogo hivyo, mwenye nyumba anayeuona ufa na kuuacha hana udhuru, na viongozi wa dini wa Kagera wanapaswa kumwambia hivyo waziwazi.