Na Kama Mtumwa Angepata Hasara?



Mfano wa talanta katika Mathayo 25 tunaujua vizuri. Bwana mmoja anasafiri na kuwaachia watumwa wake mali: mmoja talanta tano, mwingine mbili, mwingine moja. Wawili wanafanya biashara na kuzalisha. Wa tatu anachimba shimo na kufukia yake. Tumeuhubiri miaka mingi. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hayuko katika mfano huo, na kanisani tuko naye kila Jumapili: mtumwa aliyetoka akafanya biashara kwa bidii na kwa uaminifu, halafu akapata hasara. Bwana wake angemwambia nini?

Tuko na wapendwa waliopoteza kwa hisa, kwa kuku, kwa matatu, kwa duka. Wengine wameanza kukosa ibada kwa sababu ya aibu. Wanaona macho ya watu yakiuliza, "Huyu alimkosea Mungu wapi?" Hebu basi tutafute jibu kwa utaratibu.

Kwanza, angalia hesabu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na kibarua alilipwa dinari moja kwa siku. Kwa hiyo hata yule wa talanta moja alishika mshahara wa karibu miaka ishirini! Wa tano alileta tano zaidi, wa mbili akaleta mbili zaidi. Ukihesabu talanta, wameachana mbali. Ukihesabu kwa mtaji, wote wamezalisha asilimia 100, na bwana aliwasifu kwa maneno yale yale. Katika masomo ya biashara hili ni somo la mwanzo kabisa: usiulize tu faida ni ngapi, uliza imetoka kwa mtaji gani. Mama mboga aliyeweka shilingi 2,000 akapata faida ya 400 amezalisha vizuri kuliko mwenye 200,000 aliyepata 10,000. Wa kwanza ana asilimia 20, wa pili ana 5.

Pili, yule aliyefukia hakupoteza hata senti. Alirudisha kila kitu, na bado akahukumiwa. Bwana alimwambia kwamba angalau angeiweka kwa watu wa fedha, apate riba. Hiyo nayo ni kanuni ya fedha: kila pesa ina mahali pengine ambapo ingeweza kufanya kazi. Kampuni ikitaka kujenga kiwanda huuliza, je, kitaleta zaidi ya tungechopata kwa kununua bondi za serikali na kukaa? Kama hakileti, kwa nini tuhangaike? Mtumwa huyu basi alihukumiwa kwa ajili ya uvivu, woga, na maoni mabaya aliyokuwa nayo juu ya bwana wake. Sasa, kama mtu anaweza kukosa hasara kabisa na bado asiwe mwaminifu, basi hasara na uaminifu ni vitu viwili tofauti.

Tatu, tuelewe faida inatoka wapi. Kampuni hupata mtaji kwa kukopa au kwa kuuza hisa. Mkopeshaji analipwa riba yake iwe mwaka ni mzuri au mbaya. Mwenye hisa anakula kinachobaki, baada ya wafanyakazi, wenye mikopo na kodi. Kampuni ikianguka, yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni, na mara nyingi anapofika mbele sufuria imeshakaushwa. Ndiyo maana miaka ikiwa mizuri fungu lake linaweza kuwa kubwa kuliko la mkopeshaji. Faida yake ni ujira wa kukubali kukaa nyuma.

Kwa hivyo mtu akikuahidi faida kubwa, ya uhakika, bila hatari, jiulize hiyo hatari ameiweka wapi. Ama amekuficha, ama amembebesha mtu mwingine. Mipango ya upatu iliyovuma hapa Kenya miaka ya 2006 na 2007 ilikuwa hivyo: waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata. Wengi waliingia wakiwafuata watu wa makanisa yao, na aliyeuliza hesabu aliambiwa hana imani. Lakini katika Luka 14:28 Bwana Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza apige hesabu. Kuuliza maswali si kukosa imani.

Nne, matokeo peke yake hayawezi kutuonyesha nani mwenye haki. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Chukua watu wawili walionunua siku moja. Mmoja alitumia akiba yake, mwingine alichukua mkopo. Baada ya miezi michache bei ilishuka chini ya shilingi 5. Mwenye akiba alivumilia. Mwenye mkopo alidaiwa kila mwisho wa mwezi, akalazimika kuuza kwa hasara. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40, kisha baadaye ikashuka tena. Hisa ni ile ile. Je, tuseme huyu alibarikiwa na yule alilaaniwa? Hapana. Tofauti yao ni kwamba pesa ya mmoja iliweza kungoja na ya mwingine haikuweza. Hapo kuna somo la hekima. Laana hatuioni.

Rafiki za Ayubu walidhani wanaona. Walimwambia mtu aliyepoteza kila kitu kwamba lazima kuna dhambi ameficha. Mwisho wa kitabu, katika Ayubu 42:7, Mungu anawakasirikia wao.

Basi naamini bwana angemuuliza mtumwa wetu maswali matatu. Pesa hiyo ilikuwa yako kuihatarisha, ama ilikuwa karo ya watoto? Ulipiga hesabu na ukasema ukweli kwa wote waliohusika? Uligawanya, kama Mhubiri 11:2 inavyoshauri mafungu saba au hata manane, ama uliweka yote kikapu kimoja? Aliye safi katika hayo, hasara yake ni hasara tu, si dhambi. Aliyekosa hekima hufundishwa, hafukuzwi.

Na maswali hayo hayo yanamngoja aliyepata faida. Mweka hazina wa chama anachukua pesa za wenzake kisiri, ananunua hisa, zinapanda, anarudisha zote na kubaki na faida. Akija mbele kutoa ushuhuda tutapiga makofi, kwa sababu hatujui. Lakini yule ni mwizi aliyebahatika.

Kanisa, tumezoea kumpa maikrofoni aliyenunua gari na shamba. Vijana wakisikia hao tu, wataamini kila anayejaribu hufaulu, na watakopa bila hesabu. Tumsikilize pia aliyepoteza akabaki mkweli, aliyewaambia wadeni wake ukweli na sasa anawalipa kidogo kidogo. Huo pia ni ushuhuda.

Na wewe uliyepoteza, ukikaa nyumbani Jumapili kwa aibu, unafukia hata kile kilichobaki. Rudi, ndugu yangu. Rudi, dada. Hatutakuuliza ulikosea Mungu wapi.