Padre Mgeni Aseme Nini?

Kila mara barua za uhamisho zitokapo kwa Baba Askofu, mapadre kadhaa hufunga masanduku yao, na Jumapili ifuatayo husimama mbele ya waumini ambao hawajapata kuwaona. Kabla ya baraka ya mwisho kanisa hutulia kimya. Watu wanangoja mgeni ajieleze. Basi twauliza: padre huyo aseme nini juu ya nafsi yake, na anyamaze juu ya nini?

Wapo wasemao asiseme neno. Padre ni chombo tu, wasema. Ajaye ni Kristo. Twayaheshimu maneno hayo, lakini hatuyakubali yote. Mtu aliyekabidhiwa roho za watu ana deni la kujulikana nao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 529, yamtaka paroko ajitahidi kuwajua waumini wake, azitembelee jamaa zao, ashiriki mahangaiko na majonzi yao. Nani atamwonyesha majonzi yake mtu asiyetaka kujulikana? Kunyamaza namna hiyo kwaweza kuwa kiburi kilichovaa kanzu ya unyenyekevu.

Wengine husema mno. Hapa hatuna budi kuungama, maana sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao. Katika parokia yetu ya kwanza tuliwaeleza watu habari za seminari kuu, miaka ya falsafa na miaka ya teolojia, hata kichwa cha insha yetu ya mwisho, ambacho hakuna aliyekiuliza. Ilikuwa karibu nusu saa. Vigelegele vikapigwa, kuku wakatolewa, tukarudi sakristia tumeridhika. Ndipo akaingia katekista wa kigango cha mbali, mzee mwenye kofia mkononi. “Tumsifu Yesu Kristo.” Tukaitikia, “Milele amina.” Kisha akauliza, “Baba Padre, pikipiki unayo?”

Twakiri kwamba swali lile lilituudhi. Tulidhani anapima mali yetu. Siku chache baadaye tukaelezwa kuwa kigango chake kiko ng’ambo ya mto, na kwamba masika yaliyotangulia watu wawili walikufa huko bila Mpako wa Wagonjwa, kwa kuwa padre hakuwa na chombo cha kumfikisha. Mzee alitaka kujua kama tutafika. Katika nusu saa yetu yote hatukuwa tumeligusa jambo hilo.

Jioni ya tarehe 13 Machi 2013, Papa Fransisko alipotokea mara ya kwanza mbele ya watu wa Roma, hakutaja elimu yake wala vyeo alivyopitia. Aliwapa salamu ya kawaida ya jioni, akasali pamoja nao kwa ajili ya mtangulizi wake, kisha kabla ya kuwabariki akawasihi wamwombee, akainama kimya.

Tuangalie hilo la mtangulizi, maana hapo pana mtego. Padre mgeni hajafungua sanduku, tayari mmoja amemnong’oneza kwamba aliyeondoka alikula fedha za ujenzi, na mwingine analia kwamba aliyeondoka alikuwa mtakatifu. Akimcheka mwenzake mimbarini ili apendwe, amenunua upendo kwa mali ya mtu mwingine. Kama fedha zimepotea kweli, pana daftari, pana halmashauri, pana Askofu. Na wakimwuliza kabila lake, ajibu kwa neno moja bila kununa. Kuuliza si dhambi. Kisha aanze kujifunza lugha ya bibi wale wanaoungama kwa lugha ya nyumbani tu.

Lakini lipo neno gumu kuliko hayo. Karibu kila padre mgeni husema, “Tangu leo mimi ni wenu.” Je, asema kweli? Kanuni ya 522 yataka paroko awe na uthabiti mahali pake, lakini Askofu aweza kumhamisha kwa manufaa ya roho, naye aliahidi utii. Twamjua padre kijana aliyetuambia kuwa afadhali asijifungamanishe na watu, asije akawa mwongo siku ya kuondoka. Alisema kwa uchungu, kwani alikuwa amehamishwa mara mbili.

Hatumdharau, ila twaona amekosea. Mganga wa zahanati naye huhamishwa, wala hakuna mgonjwa akubaliye kupewa nusu ya dawa kwa sababu hiyo. Kuwa wa watu si kuwaahidi miaka. Miaka si mali ya padre. Awaambie yaliyo mikononi mwake: siku ya maungamo, Jumamosi za vigango, mlango upi wabishe usiku mtu akizidiwa. Ahadi za namna hiyo kila mtu aweza kuzipima. Na siku ya kuondoka itamwuma. Hatujui njia ya kuliepuka hilo.

Katekista yule tulimjibu kwamba pikipiki hatuna, na tulimjibu kwa ukali kidogo. Jumapili ya pili tukatangaza kwamba tutakwenda kigangoni kwake kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa baiskeli, na mto ukijaa, kwa mtumbwi. Mwaka ule hatukufika mara tatu. Alikuwa amezihesabu.